Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Usafiri wa Watoto Wetu

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam.

Yah: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA USAFIRI WA WANAFUNZI

Tumefika mwisho wa muhula salama, tunamshukuru Mungu. Ripoti ya mwanao iko ndani ya bahasha hii pamoja na tarehe ya kufungua shule. Isome, isaini, uirudishe. Kidato cha nne wanaendelea na masomo ya ziada na ratiba wanayo. Masinki ya choo cha wavulana yametengenezwa.

Jambo ninalotaka kuwaeleza kwa furaha ni foleni ya wanafunzi wetu kwenye kituo cha daladala. Wengi wenu mnaopita pale jioni mmeiona, na baadhi mmenisimamisha njiani kuniuliza nani aliianzisha. Waliianzisha watoto wenyewe. Mwezi Februari viranja na skauti walikuja ofisini kwangu wakiwa na karatasi waliyoiandika vizuri, wakisema wamechoka kugombania magari, wamechoka kufika nyumbani saa mbili usiku, na wadogo zao wa kidato cha kwanza wanaumizwa mlangoni. Waliomba ruhusa ya kwenda kuzungumza na madereva na makonda, wakifuatana na mwalimu wa nidhamu. Niliwaruhusu.

Mazungumzo yalikuwa marefu, maana kila upande ulikuwa na yake. Tuseme ukweli kuhusu upande wa konda. Kwa nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, mtu mzima hulipa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi hulipa 200 kama alivyokuwa akilipa. Wanafunzi watatu ndio mtu mzima mmoja. Konda ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri, mwenye gari, kila jioni, na mtoto wako akisimama mlangoni na begi lake, yule anaona theluthi ya nauli inaomba nafasi ya nauli nzima. Hilo halimpi haki ya kumkataa mtoto, wala kumsukuma gari likiwa kwenye mwendo. Lakini watoto wetu walilielewa, na kwa kulielewa wakapata la kusema.

Makubaliano yakawa hivi. Wanafunzi wasimame kwenye mstari wao, mbali kidogo na pale abiria wengine wanapopandia. Kila gari lichukue wanne au watano, si wawili tu kama ilivyokuwa, wala wasilivamie kundi zima. Wasichana wa kidato cha kwanza na wenye ulemavu wapande kwanza. Nauli iwe mkononi, sarafu kamili, kabla ya kukanyaga ngazi, kwa sababu ugomvi mwingi huanza na noti ya 5,000 isiyo na chenji. Mtu mzima akikosa siti, mwanafunzi asimame. Nao makonda wakaahidi kuacha matusi, na kutomdai mara mbili mwanafunzi anayegeuza na gari, yaani anayelipanda likielekea mwisho wa njia ili arudi nalo akiwa na siti.

Sikutegemea lidumu kama lilivyodumu. Skauti wawili husimama pale kila siku kwa zamu, wamevaa skafu zao, wala hakuna mwalimu anayewasimamia. Machi na Aprili mvua zilinyesha mfululizo, magari yakapungua, barabara za ndani huko Majohe zikawa tope tupu, na foleni haikuvunjika. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kuwakuta watoto pale kituoni hadi giza linaingia. Sasa kufikia saa kumi na moja jioni wengi wameshaondoka. Wapo makonda wanaosimamisha gari tupu na kuwaita wanafunzi wetu. Ndugu wazazi, katika mji huu wa Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Nawapongeza watoto hawa kwa moyo wangu wote, na ningependa kila mzazi ampongeze wa kwake kwa mdomo, nyumbani, mbele ya wadogo zake.

Sasa nije kwenye lililoniudhi.

Wiki moja kabla ya mitihani, gari lililojaa lilipita kituoni bila kusimama. Wavulana watatu wa kidato cha tatu, ambao hawakuwa hata kwenye foleni, wakaokota mawe na kulirushia. Kioo cha nyuma kilivunjika. Ndani alikuwemo mama aliyempakata mtoto mchanga, vipande vikamkata mkono. Dereva aligeuza gari na kuja nalo hadi getini kwetu pamoja na abiria wake wote, na mimi nilisimama mbele ya watu wale kuwaomba radhi kwa niaba ya shule na kwa niaba yenu.

Nimewaita wazazi wa wavulana hao. Wawili walikuja, wa tatu hadi leo sijamwona. Na katika hao waliokuja, mmoja alikaa kwenye kiti ofisini kwangu akaniambia kwamba makonda wamezidi, kwa hiyo kijana wake alikuwa na haki ya kukasirika. Nimelifikiria neno hilo usiku na mchana. Mama aliyekatwa mkono si konda. Mtoto mchanga si konda. Kijana wa miaka kumi na saba akifundishwa nyumbani kwamba hasira inampa ruhusa ya kurusha jiwe kwenye gari lenye watu, mimi na walimu wangu hatuna somo la kulifuta hilo.

Na sikilizeni kilichofuata. Kwa siku kadhaa magari mengi yalipita kituo chetu bila kusimama. Walioadhibiwa si wale watatu, ambao wanaishi karibu na hurudi kwa miguu. Walioadhibiwa ni watoto wa Chanika na Pugu, wale wale waliosimama kwenye mvua wakilinda mstari wao. Skauti walirudi kituoni kuomba upya, gari moja moja, na magari yakaanza tena kusimama. Gharama ya kioo bado haijalipwa yote. Shauri liko mbele ya bodi ya shule, na wavulana hao hawatapokelewa darasani mpaka wazazi wao, wote watatu, wafike mbele ya bodi. Sitapokea mjomba, sitapokea jirani, sitapokea simu.

Nina neno pia kwa wazazi ambao asubuhi ni abiria. Mwanafunzi akipanda, ninyi ndio mnaomwambia konda kwamba amejaza wanafunzi na kwamba mabegi yanawasumbua. Mtoto huyo ni wa mwenzako, na wa kwako yuko kwenye gari jingine, mbele ya mtu anayesema maneno hayo hayo. Msogezee. Mpokee begi uliweke mapajani.

Mahudhurio. Daftari la mahudhurio linaonyesha kitu kile kile kila mwezi: Jumatatu darasa limejaa, Alhamisi na Ijumaa viti vinabaki wazi. Nikiuliza, jibu ni kwamba nauli imeisha au gari limenikataa. Mtoto anayepanda magari mawili kuja na mawili kurudi anahitaji shilingi 800 kwa siku, yaani 4,000 kwa wiki. Najua kwa nyumba nyingine hiyo ni fedha ya mboga. Lakini wapo wanaompa mtoto fedha ya wiki nzima Jumapili usiku, na kufikia Jumatano imeishia kwenye chipsi na barafu. Mpe ya siku, kwa sarafu, asubuhi. Ambaye kweli hana, aje aongee na mwalimu wa darasa mapema, aje hata kwangu. Tumeshawasaidia wengine kupata uhamisho kwenda shule ya karibu na kwao, na barua hiyo hupitia mezani kwangu, haichukui muda. Kukaa kimya na mtoto anashinda mtaani siku mbili kila wiki ni utoro, na kuanzia muhula ujao nitauandika hivyo na kuupeleka kwa mtendaji wa kata.

Bodaboda. Mshikaki wa wanafunzi watatu kwenye pikipiki moja, bila kofia ngumu, ukiuona na mwanao yumo, usicheke. Hilo ni moja. La pili ni la binti zetu, na nitalisema wazi. Lifti ya bure haipo. Dereva anayembeba binti yako kila siku bila kudai nauli ana anachokisubiri, na wewe unayefurahi kwamba umeokoa 400 unamsaidia kusubiri. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inampeleka jela miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi, lakini kifungo cha mtu hakimrudishii binti muhula alioupoteza. Muulize mwanao anarudi na nani. Mjue dereva kwa jina na kwa kijiwe chake.

Kwa wale mliochanga mkakodi Noah: hesabuni siti kabla ya kuhesabu fedha. Nimeona gari la watu saba likishusha watoto kumi na wanne getini. Hakuna mzazi wa nchi hii aliyesahau Mei 6, 2017, pale Karatu, wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva walipopoteza maisha asubuhi moja kwenye ajali ya basi la shule. Dereva wenu akaguliwe leseni, gari likaguliwe breki na matairi, na anayepakia kupita kiasi mwachisheni kazi hata kama ni ndugu.

Mchango wa chakula cha mchana. Elimu ni bila ada tangu Januari 2016, hatumrudishi mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango na hatutafanya hivyo. Makande yale mliyakubali wenyewe kwenye kikao, mkapiga kura ya mikono, na karibu nusu yenu hamjaleta kitu tangu Machi. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri hawezi kufundishika saa nane mchana akiwa na njaa. Wanaolipa wanawalisha wasiolipa, na wameanza kuniuliza hadi lini. Maliza deni lako kabla ya kufungua, au njoo tupange utakavyolipa kidogo kidogo.

Mwanao akikataliwa na gari au akitukanwa, aandike namba ya gari, njia, kituo na saa. Tukiwa na hayo tunaweza kwenda LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na kusikilizwa.

Kikao cha wazazi kitakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, saa tatu kamili asubuhi. Tumewaalika madereva na makonda wa njia zetu, nao wamekubali kuja. Naomba wasikute viti vitupu.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Shule