Msome mgongo kabla ya kuwaita genge

Mhariri,

Habari za vilabu vya pikipiki vya Marekani zinapofika kwetu, kila aliyevaa ngozi huwa mhalifu. Hilo ni kosa, na linawaumiza maelfu ya waendeshaji wasio na hatia. Naomba waandishi wajifunze kusoma kizibao.

Klabu iliyo chini ya shirikisho la waendeshaji, AMA, mara nyingi hushona nembo ya kipande kimoja. Vilabu vilivyojitenga huvaa vipande vitatu mgongoni: upinde wa juu wenye jina la klabu, nembo katikati, na upinde wa chini wenye jina la jimbo au mji. Pembeni huwa na herufi MC, yaani klabu ya pikipiki. Hata hivyo, vipande vitatu peke yake si ushahidi. Tazama kifuani: kibandiko chenye umbo la uru, kama la kwenye karata, kilichoandikwa 1%, ndicho tangazo la klabu isiyofuata sheria za wengine.

Alama hiyo inatokana na vurugu za Hollister, California, Julai 1947, wakati wa mbio za pikipiki. Jarida la Life lilichapisha picha ya mlevi juu ya pikipiki ya Harley, chupa za bia zimetapakaa chini. Inasimuliwa kwamba AMA ilijitetea kwa kusema asilimia 99 ya waendeshaji ni raia wema. AMA yenyewe inasema haina kumbukumbu ya kauli hiyo. Ya kweli au la, waliojitenga waliifanya asilimia 1 iliyobaki kuwa beji yao.

Kinachomwaga damu ni upinde wa chini, kwa sababu unadai eneo. Wanachama wa klabu ya Mongols walipovaa “California” katika miaka ya 1970, wale wa klabu ya Hells Angels walipigana nao miaka mingi. Huko Waco, Texas, Mei 2015, wanachama wa klabu ya Bandidos waligombana na wale wa klabu ya Cossacks waliovaa “Texas”. Watu 9 walikufa, baadhi kwa risasi za polisi, na 177 wakakamatwa. Hakuna aliyetiwa hatiani. Je, ni wangapi kati yetu tulioandika mwisho huo?

Nembo haiuzwi dukani. Mgeni huzoeleka kwanza, kisha huwa mwanagenzi: analinda pikipiki, anatumwa, mara nyingi mgongoni ana upinde wa chini tu. Baada ya miezi mingi wanachama hupiga kura, na katika vilabu vingi kura moja ya hapana humzuia. Akiondoka, nembo anairudisha, kwani ni mali ya klabu. Kwa hiyo mwandishi akiona mgongo usio na nembo ya katikati, asimwite mwanachama.

Msomaji wenu