Neno "ghala" kwenye ramani yangu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita akitaka karakana na viwanda vidogo vyote viondolewe karibu na makazi. Namwelewa. Anayelala jirani na kompresa anajua analolisema. Ila mimi ni msanifu majengo, nimechora majengo ya namna hiyo kwa miaka 21, na ninavyoona, ugomvi huu huzaliwa kabla hata msingi haujachimbwa. Huzaliwa kwenye kile kisanduku kidogo pembeni mwa ramani kilichoandikwa "Matumizi".

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka 9 iliyopita alinijia mteja mwenye kiwanja cha mita 24 kwa 40, mbele barabara, nyuma nyumba za watu. Alitaka jengo la useremala: mashine mbili za randa, msumeno wa meza na chumba cha kupuliza rangi. Akaniambia, "Wewe andika ghala tu. Ghala linapita haraka, karakana itatusumbua." Nikaandika ghala. Nilijua ninachokifanya.

Ghala lina mantiki yake. Mizigo huingia mara chache, kwa hiyo uwanja wa kupakulia niliuweka nyuma na mlango mkubwa ukaelekea huko, ili uso wa jengo barabarani ubaki safi. Juu niliweka mabati machache tu ya kupitisha mwanga, maana bidhaa zilizopangwa hazihitaji kuona. Mlango mdogo wa watu ukakaa ubavuni mwa ule mkubwa. Kila mstari ulikuwa sahihi kwa ghala, na kila mstari ulikuwa kosa kwa karakana. Mashine zilipofungwa, joto liliwalazimu mafundi kuacha mlango wa nyuma wazi kutwa nzima. Mlio wa randa na vumbi la mbao vikaenda moja kwa moja madirishani mwa majirani. Mama mmoja alinijia na shuka aliyoianua kambani, imejaa unga wa mbao, akaikung'uta mbele yangu. Sikuwa na la kumjibu. Haukupita muda likaja zuio, mashine zikazimwa miezi 7, mafundi 11 wakarudi nyumbani.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kiwanja kile kilikuwa katika ukanda wa matumizi mchanganyiko, na karakana ingeweza kuruhusiwa kwa masharti. Kama tungesema kweli, ningeligeuza jengo. Ofisi, stoo na vyoo ningevipanga upande wa nyuma, viwe kizuizi kinene kati ya mashine na vyumba vya watu vya kulala, na ukuta ule nisingeuwekea tundu hata moja. Mlango wa kupakulia ungeelekea barabarani. Paa ningelijenga kwa mtindo wa meno ya msumeno, liingize mwanga bila jua kali na litoe hewa moto kwa juu, mafundi wasilazimike kufungua milango ili wapumue. Vumbi lingevutwa kwa mabomba pale pale linapotoka kwenye mashine. Chumba cha rangi kingetengwa kwa ukuta unaohimili moto, maana vumbi laini la mbao likitimka hewani karibu na mvuke wa thina, cheche moja yatosha. Na milango ya kukimbilia ingekuwa miwili, pande mbili tofauti, yote ikifunguka kwa nje.

Hata suala la malori lingejitokeza siku ya kwanza. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka lori kubwa liweze kuzunguka ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 12.5, yaani upana wa mita 25. Kiwanja kile kina mita 24. Lori linalohitaji upana huo wote lisingezunguka mle kwa mara moja hata kama pasingekuwa na jengo. Ningemwambia mteja mapema kwamba mbao zake ziletwe kwa magari madogo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya kelele na shuka. Wakumbuke Rana Plaza, kule Savar karibu na Dhaka. Jengo lile la ghorofa 8 lilikusudiwa maduka na ofisi, ghorofa za juu zikaongezwa bila kibali, kisha vikaingizwa viwanda vya nguo pamoja na jenereta nzito. Aprili 24, 2013 liliporomoka na kuua watu 1,134. Kwa viwango vya Marekani, sakafu ya ofisi husanifiwa kubeba takriban kilo 245 kwa kila mita ya mraba. Ya kiwanda chepesi, takriban kilo 610. Mhandisi hukokotoa nguzo na nondo kwa kufuata neno lililoandikwa kwenye kisanduku kile. Neno likiwa la uongo, hesabu zake zote ni za jengo jingine.

Lakini sitawalaumu wenye viwanja peke yao. Wanadanganya kwa sababu kanuni nyingi za mipango miji bado zinahukumu jina. Ukitamka "kiwanda", chumba cha cherehani 12 kinawekwa kapu moja na kiwanda cha kuchomelea vyuma usiku kucha. Mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali miji igawe ardhi kwa matumizi, na Jaji George Sutherland akaandika kwamba kero yaweza kuwa tu kitu sahihi mahali pasipo sahihi. Nakubaliana naye, ila kwangu mahali ni pamoja na upande ambao mlango unaelekea. Ningependa mamlaka zipime kelele mpakani, vumbi, harufu, idadi ya magari na saa za kazi, kisha zimpe mwombaji kibali kwa vipimo hivyo, aitwe seremala au mchapishaji.

Kwa upande wangu, siku hizi sishiki penseli kabla sijapewa orodha ya mashine zote, uzito wake na saa zitakazofanya kazi. Mwezi uliopita mteja mwingine aliniomba niandike ghala. Nilimrudishia malipo yake ya awali siku ileile, naye akaenda kwa mchoraji mwingine. Ofisa atakayeipokea ramani hiyo namwomba amuulize jambo moja tu: ghala linataka umeme wa fezi tatu, ule wa kuendeshea mashine kubwa, wa nini?

Wako,
Msanifu majengo na msomaji wa miaka mingi