Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: Aliyekamatwa Kipini Atafutwe Kitabu Gani?

Mheshimiwa Inspekta Jenerali,

Mtu akikamatwa Kipini Ijumaa jioni, jamaa zake wana maswali matatu tu: yuko kituo gani, ameshikwa kwa kosa gani, atatoka lini. Majibu yote yapo, yameandikwa kwa kalamu katika vitabu vilivyo chini ya amri yako. Shida iko kwenye nafasi kati ya kitabu kimoja na kingine, na katika kaunti kubwa kama Tana River, yenye watu 315,943 kwa sensa ya 2019 waliotawanyika kandokando ya mto na nyikani, nafasi hiyo hugharimu nauli, usiku mzima na wakati mwingine mtu mwenyewe.

Tuanze na kitabu cha matukio, ambacho nchi nzima hukiita OB. Kila tukio linaloripotiwa kaunta hupewa namba na tarehe. OB 14/6/3/2026 ni tukio la kumi na nne la tarehe 6 Machi 2026. Mwenye namba hiyo hana haja ya kubembeleza. Afisa wa zamu anafungua ukurasa. Asiye nayo anaomba atafutiwe kwa jina, na hapo ndipo anapokwama. Huku kwetu Dhadho huandikwa Dado, Jillo ikawa Jilo, Guyo ikaongezwa herufi. Mwenye majina matatu kwenye kitambulisho huandikwa mawili, pengine la kwanza na la babu. Ndiyo maana huwa tunawaambia jamaa waende na majina yote matatu, namna mbili tatu za kuandika kila jina, namba ya kitambulisho, mahali alipokamatwa na, zaidi ya yote, saa. OB hufuata saa, haijui alfabeti. Ukisema "kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni", afisa anapekua kurasa mbili badala ya ishirini.

Hata hivyo, OB si rejista ya seli, na hili huwapoteza wengi. OB yaweza kusema tu kwamba doria imerudi na washukiwa wanne. Majina ya hao wanne yako kwenye rejista ya seli, na simu, mshipi na pesa zao kwenye rejista ya mali. Mama anayejibiwa "hayumo kwenye OB" huenda hajadanganywa, na mwanawe amekaa hatua kumi nyuma ya kaunta ileile. Swali la kuuliza ni hili: "Naomba uniangalizie rejista ya seli, tangu jana jioni hadi sasa." Tungependa maafisa wako wailete rejista hiyo bila kungoja mtu ajue kuitaja.

Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 limeshasema kinachopaswa kuandikwa: jina, sababu ya kukamatwa, tarehe na saa, afisa aliyekamata, saa za kuhojiwa na waliohoji, siku ya kwanza mahakamani, na tarehe na saa ya kuhamishiwa kizuizi kingine. Tunakuomba ukazie macho hilo la kuhamishwa. Posti ndogo humpeleka mshukiwa kituoni. Kituo humpeleka kingine chenye nafasi. Wapelelezi nao huja na gari lao. Kituo kinachopokea hufungua namba mpya ya OB, na ile ya kwanza haisafiri naye. Kule alikotoka panaandikwa "ametolewa seli", basi. Ametolewa kwenda wapi? Anayekamatwa Madogo huenda akafikishwa mahakama ya Garissa, kaunti nyingine kabisa, kwa kuwa iko ng'ambo tu ya daraja. Mvua ikikata barabara hapo, kama ilivyotokea Novemba 2023 na tena Aprili 2024, jamaa hubaki upande mmoja wa maji na jina upande wa pili.

Saa nazo zinakwenda. Kifungu cha 49 cha Katiba kinatoa saa 24 tangu kukamatwa, si tangu kuandikwa kwenye OB. Aliyeshikwa na chifu saa nne asubuhi akafikishwa kituoni saa kumi jioni tayari ametumia saa sita. Zikiisha siku isiyo ya mahakama, husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, na ndiyo sababu Ijumaa ya kamatakamata huwa ndefu hadi Jumatatu. Wikendi hiyo hakuna karani wa kuulizwa. Vitabu vyako ndivyo vyote walivyo navyo jamaa.

Akishafika mahakamani, kazi inapungua. Karatasi ya mashtaka ina namba ya kesi ya polisi na namba ya faili ya mahakama; ni karatasi inayojua pande zote mbili, na jamaa akipata nakala aitunze kama hati ya shamba. Tangu Machi 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao umefika mahakama za nchi nzima, na orodha ya kesi za siku huchapishwa. Akinyimwa dhamana au akikosa kuilipa, hati ya rumande hutaja gereza na tarehe ya kurudi kortini. Magereza hayako chini yako, tunajua, kwa hiyo hatutakuchosha nayo.

Kutoka ndiko kulikoandikwa vibaya kuliko kuingia. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kurudi ukiitwa, haina malipo. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti papo hapo, na risiti ionyeshe jina la mlipaji, kiasi na jina la aliyeachiliwa, la sivyo kurudishiwa pesa baadaye ni vita. Makosa kama mauaji, uhaini na wizi wa mabavu polisi hawawezi kuyatolea dhamana. Anayechukua pesa kwa ajili hiyo anauza asichokuwa nacho. Mtu akiachiliwa bila saa na saini yake kitabuni, mambo mawili hutokea. Huenda vitabu vikaendelea kumhesabu mahabusu hali yeye yuko nyumbani, kisha akasakwa kama mtoro. Au jamaa wanaambiwa "alishatoka" na hapana ushahidi kwamba alitoka kwa miguu yake mwenyewe.

Hilo la pili lina historia kwetu. Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo kambini, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa amefariki kituo cha polisi cha Central. Taarifa ya kwanza ilisema aligonga kichwa ukutani, upasuaji wa maiti ukasema vingine. Kitabu kikijazwa na mtu mmoja, baada ya tukio, huandika anachotaka mwandishi wake.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu maombi kwa Kiswahili, bila ada ya kuomba, na asiyejua kuandika anapaswa kuandikiwa na afisa. Muda wa kujibu ni siku 21, lakini habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Kaunta nyingi zinakumbuka 21. Kwa hiyo barua kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, iwe fupi: jina, kitambulisho, saa na mahali alipokamatwa, kisha sentensi moja, "Ombi hili linahusu uhuru wa mtu, kifungu cha 9, saa 48." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na uondoke nayo. Kimya kikizidi, ndani ya siku 30 lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Na kama hofu ni kubwa, usingoje tume: Mahakama Kuu ya Garsen inaweza kuamuru mtu aletwe mbele yake.

Sheria hiyohiyo ilizipa taasisi za umma miaka mitatu kuingiza rekodi zao kwenye kompyuta. Kwa hesabu yetu muda ulikwisha Septemba 2019.

Hatuombi orodha ya sura za watu mtandaoni. Marekani kaunti nyingi huweka majina na picha za waliokamatwa kwenye tovuti ya sherifu, na wakazuka wafanyabiashara wa kuzinakili na kudai pesa ili wazifute, hata kwa ambaye hakupatikana na hatia. Watoto, kwa vyovyote vile, wasitajwe. Tunachoomba ni jibu kwa anayeuliza kwa jina na kitambulisho, hata kwa simu: yupo, hayupo, au amepelekwa kituo fulani.

Tunaomba uamuru mambo mawili. Kila mshukiwa anapohamishwa, kituo kilichompokea kipige simu kutoa namba yake mpya ya OB, na namba hiyo iandikwe kwenye mstari uleule wa rejista alikotoka, pamoja na jina la aliyeipokea. Na kila anayeachiliwa atie saini na saa, mbele ya afisa asiyekuwa yule aliyemkamata. Hayo yanahitaji kalamu na salio la simu tu. Kompyuta zikija, zitakuta mstari uko tayari.

Tutashukuru kujibiwa kwa maandishi. Barua hii haina mahabusu ndani yake, kwa hiyo siku 21 zinatosha.

Wako,
Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea, Tana River