Kwa vijana mnaopima samaki mialoni: asilimia 95 ya nini?

Mwangaluka wanangu,

Ripoti zenu nimezisoma. Majedwali yamepangika na grafu zinasomeka hata kwa macho yangu ya uzeeni. Ila kila baada ya kurasa mbili nakutana na sentensi hii: "Kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani wa urefu wa sangara uko kati ya sentimita 52 na 56." Ni sentensi hiyo iliyonifanya niandike, na naandika hadharani kwa sababu hata baadhi ya waliowafundisha huiandika hivyohivyo.

Jerzy Neyman, mwanatakwimu aliyeweka msingi wa hesabu ya wigo kama huo wa 52 hadi 56 mwaka 1937, hakuwa na maana hiyo. Kwake, wastani wa sangara wote ziwani ni namba moja, imetulia ilipo. Kinachobadilika kwa bahati ni sampuli. Ukirudia kazi tena na tena kwa sampuli mpya, mara 95 hivi katika kila 100 wigo utakaoupata utaikamata namba hiyo. Kwa hiyo 95 ni sifa ya njia mliyotumia. Wigo wenu wa leo ama umeikamata, ama umeikosa.

Anayetaka kutaja uwezekano wa wastani wenyewe, ruksa, ila apite njia ya Thomas Bayes, mwanahisabati ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 akiwa ameshafariki. Aseme kwanza aliamini nini kabla ya kupima, ndipo data imrekebishe. Ninyi mnataka jibu la Bayes huku mkilikwepa swali lake la kwanza!

Ugomvi huu wa njia ya Neyman na ya Bayes haumo kwenye kanuni za uwezekano. Zile alizoziweka mwanahisabati Andrei Kolmogorov mwaka 1933, kwamba uwezekano haushuki chini ya sifuri, kwamba wa yote kwa pamoja ni moja, na kwamba matukio yasiyoweza kutokea pamoja uwezekano wake hujumlishwa, pande zote zinazitumia. Ila hazisemi uwezekano huo ni wa nini.

Turudi mwaloni. Mtumbwi unatia nanga alfajiri, na kijana kasimama na rula na daftari. Sangara wa chini ya sentimita 50 sheria imewakataza. Mvuvi gani atawamwaga mbele yenu? Wameshauzwa kisiwani, au wako chini ya nyavu. Mnapima waliobaki, wastani unapanda, nanyi mnaandika kwamba samaki wanakua vizuri. Halafu mtu anashauri muongeze sampuli. Kutoka samaki 400 hadi 1,600, kosa la bahati linapungua kwa nusu, kweli. Kosa la samaki waliofichwa halipungui hata kidogo. Wigo unazidi kuwa mwembamba, umeizunguka namba isiyo yenyewe, nanyi mnazidi kujiamini.

Wenzenu wa afya wana mtego wao. Tuseme kipimo cha kichocho kinawagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawasingizia wazima 10 katika kila 100. Kwenye kijiji cha ufukweni ambako nusu ya watu 1,000 wanaumwa, majibu ya "anao" yatakuwa 500, na 450 kati ya hayo ni ya kweli. Kipeleke kipimo hichohicho mbali na ziwa, wanakoumwa 20 tu kati ya 1,000: utapata majibu 116 ya "anao", ya kweli 18. Aliyesahau kuuliza ugonjwa umeenea kiasi gani atawamezesha dawa wazima 98.

Thamani ya p, ile namba mnayoitumia kuamua kama matokeo yana maana, nayo mnaigeuza kwa namna hiyo. Inapima data kama hiyo, au ya kupindukia zaidi, ingekuwa adimu kiasi gani endapo nadharia tete sifuri, yaani dhana kwamba hakuna tofauti yoyote, ingekuwa kweli. Haisemi dhana hiyo ina uwezekano gani wa kuwa kweli. Chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko kuhusu jambo hili mwaka 2016. Na ile 0.05, mpaka wa p mnaouheshimu kama amri, mwanatakwimu Ronald Fisher aliieneza kwenye kitabu chake cha 1925 kama mpaka unaofaa kwa kazi tu.

Kwenye fomu ya mwezi ujao ongezeni safu mbili: mitumbwi iliyokataa kupimwa, na iliyoshusha samaki kabla hamjafika. Mtumbwi wa kupima uchagueni mapema kwa bahati nasibu, msimfuate mvuvi mnayetaniana naye. Fomu zikijaa nileteeni Nyamanoro, tuzipitie pamoja kabla hamjafungua kompyuta.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa hesabu, Mwanza