Malalamiko: zulia kuukuu mmetuachia uani msikitini, njooni mlichukue

Kwa meneja wa kampuni,

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote hapo ofisini. Nawaandikia kwa niaba ya kamati ya msikiti wetu huku Kisauni, na nitaandika kwa kirefu kwa sababu kwa simu mmenizungusha vya kutosha, huyu ananipa namba ya yule, yule anasema hiyo si idara yake, mwingine anasema bosi yuko safarini, sasa nataka haya mambo yakae kwenye maandishi.

Mnatujua, sisi ndio tulionunua lile zulia la safu la kijani la ukumbi wa chini. Zulia lenyewe hatuna neno nalo, limetandikwa vizuri, safu zimenyooka, na mafundi wenu walikuwa vijana wa adabu sana, walivua viatu bila kuambiwa. Shida yetu ni lile la zamani, na lile pia tulilinunua kwenu nyinyi nyinyi, nembo yenu bado inasomeka kwa nyuma. Kwenye kotesheni mliandika wazi kabisa "kuondoa zulia la zamani" na mkalitoza bei yake kando, na hizo pesa ni michango ya waumini, wengine wauza samaki, wengine wa bodaboda, mtu anatoa hamsini yake Ijumaa. Sisi tukaelewa kuondoa ni kuondoa, yaani linapakiwa linakwenda zake. Lakini walichofanya ni kulikata vipande, wakavikunja, wakavibeba hadi uani chini ya mwarobaini, halafu wakatandika jipya na lori likageuza likarudi tupu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, lori kubwa vile limetoka kiwandani kwenu limejaa, linarudi njia ile ile kiwanda kile kile halina kitu ndani, na zulia lenu limelala pale pale futi chache kutoka kwenye tairi.

Nilipopiga simu kuuliza nikaambiwa "sisi kazi yetu ni kuuza, taka ni kazi ya kaunti". Hapo ndipo mimi na kamati yangu tulipoona hili si la kunyamazia.

Hebu niwaeleze hicho kitu kikoje sasa. Ukumbi ni mita kumi na nane kwa kumi na mbili, fanyeni hesabu wenyewe hizo ni mita ngapi za mraba, na zulia la aina ile kila mita moja ina uzito wa kilo mbili na kitu likiwa kavu. Nusu tani hiyo. Sasa mvua imelinyeshea, na zulia likishalowa halibebeki tena, wanaume wanne wanashika kipande kimoja na bado wanakipumzisha njiani. Siku ya kuling'oa, mafundi walipovuta upande wa kibla, nyuma kulianza kumwagika unga mweupe mwingi, ule mpira wa chini umekauka na kupasuka ukawa unapukutika, ukumbi mzima ukawa vumbi na wazee wanakohoa. Nikamuuliza fundi hii ni nini akasema ni gundi ya lateksi imechanganywa na unga wa mawe ya chokaa ili zulia liwe zito likae chini. Sawa, nimeelewa, lakini mimi ningejuaje? Hakuna popote palipoandikwa. Aliyelichanganya ndiye anayejua, na aliyelichanganya ni nyinyi.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Zulia si kitu kimoja. Juu kuna nyuzi, inaweza kuwa nailoni, inaweza kuwa polipropilini, inaweza kuwa poliesta, zimeshonwa kwenye kitambaa cha plastiki, halafu gundi, halafu wakati mwingine kitambaa kingine tena, vyote vimeshikana mpaka vimekuwa kitu kimoja. Wale vijana wetu wanaookota plastiki hapa Kisauni nilimwita mmoja aje aone, nikadhani atafurahi, mzigo wote ule bure. Akapapasa, akaligeuza, akasema mzee hii hainunuliwi, wanunuzi wanataka beseni na mitungi na chupa, hii ina gundi na mchanga na haijulikani ni plastiki gani. Akaondoka na gunia lake. Yaani mtu anayeishi kwa kuokota taka amelikataa zulia lenu, kwa hiyo msiniambie litapata mwenyewe.

Tulijaribu kuligawa vilevile. Vipande vizuri vilichukuliwa, madrasa wakapata, majirani wakapata, mabaharia wa ngalawa wawili watatu wakachukua vya kulalia. Lakini sehemu kubwa ilikuwa imeshachoka, ndio maana tukabadilisha. Kaunti nao wakasema huo ni mzigo wa kukodi lori mwenyewe hadi jaa la Mwakirunge ukalipie huko. Sasa wazee wa msikiti wamekataa katakata, wanasema kitu ambacho watu wamekisujudia miaka yote, kina picha ya mihrabu kila safu, hakiendi kutupwa juu ya matumbo ya kuku na nepi. Na mimi nakubaliana nao. Hata tukiacha hilo la heshima, sisi watu wa Mombasa jaa tunalijua. Kibarani tumeishi nayo miaka na miaka, unaingia kisiwani harufu ndiyo inakupokea, mpaka 2018 ikafungwa na taka zikahamishiwa Mwakirunge. Tatizo halikwisha, limehamishiwa kwa watu wengine, na nusu tani ya plastiki ikipelekwa huko itakaa mpaka wajukuu wa wajukuu.

Halafu kuna la moto. Usiku mmoja kuna mtu, hatujui nani, alitia kiberiti kwenye vile vipande vilivyokunjwa. Labda alichoka na panya, maana panya walishahamia. Moshi ulikuwa mweusi tii, unanuka kama nyaya zinazoungua, ukaingia hadi ndani kwenye ukumbi na kwenye nyumba za nyuma ambako kuna mama ana mtoto wa pumu, wakatoka nje usiku na mashuka. Asubuhi pale chini palikuwa na kibonge cha plastiki nyeusi kimegandana na ardhi, kigumu, kina nyuzi za kijani zimejichomoza pembeni, tulikipiga jembe hakitoki. Mwarobaini umeungua upande mmoja. Huo mti umepandwa kabla mimi sijazaliwa.

Sasa kuhusu hili neno lenu la "taka ni kazi ya kaunti". Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Kifungu cha 13 kinasema kila mzalishaji ana wajibu, na ni lazima, wa kupunguza uchafuzi na madhara ya bidhaa anazoingiza kwenye soko la Kenya pamoja na taka zinazotokana nazo. Kila mzalishaji, haikusema wa chupa peke yake. Na kama mtanijibu kwamba lile zulia la safu hamkulifuma nyinyi mliliagiza nje, vile yule dada wa kaunta alivyojaribu kuniambia, basi someni maana ya mzalishaji kwenye sheria hiyo hiyo, anayeagiza kutoka nje yumo pia, hata anayebandika jina lake juu ya bidhaa ya mwingine yumo. Nembo iliyo nyuma ya zulia ni yenu. 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, mama mboga akawa anakimbizwa kwa kafuko ka nyanya, na tukatii wote. Zulia moja la msikiti lina plastiki ya mifuko elfu ngapi? Mbona nyinyi hamuulizwi?

Mkisema haiwezekani mimi sitakubali, kwa sababu kuna mahali inafanyika. Mpwa wangu yuko Sacramento, California, kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya kung'oa na kutandika mazulia, na yeye ndiye aliyenifungua macho. Kule walitunga sheria 2010 kwamba watengenezaji wa mazulia ndio wabebe mpango wa kuyakusanya na kuyarisaiko, na kuanzia Julai 2011 kila yadi ya mraba inayouzwa inakatwa kiasi, ilianza senti 5 za dola, baadaye ikapanda hadi 35. Pesa hiyo ndiyo inayosaidia kukusanya na kulipa viwanda vinavyochakata. Anasema yeye akimaliza kung'oa analikunja zulia, anahakikisha limekauka, anapeleka kwenye kituo, na pale kuna jamaa ana kimashine cha mkononi anakigusisha kwenye nyuzi kinamwambia papo hapo hii nailoni, hii poliesta, hii polipropilini, kila moja inakwenda rundo lake. Nailoni ya aina ya 6 inavunjwavunjwa hadi inarudi kuwa malighafi ya kutengeneza nailoni mpya. Nyingine zinasagwa zinakuwa punje za plastiki, au zinakuwa ile sponji ya kutandika chini ya zulia. Si kwamba kila kitu kimenyooka, amenieleza kwamba watengenezaji walikuwa wanavuta miguu na serikali ikawakaba, hadi 2024 ikatunga sheria nyingine ya kuwabana zaidi. Jimbo la New York nao walipitisha yao 2022. Kwa hiyo watengenezaji hawapendi popote, nimeelewa, lakini wakishikwa wanafanya.

Na nyinyi mna nafasi nzuri kuliko mnavyokiri. Muuzaji wenu mwenyewe, siku ile anatushawishi tununue, alituambia vile vipande vya kingo vinavyobaki kiwandani mnaviyeyusha tena havitupwi. Mashine ya kuyeyusha mnayo basi! Mnajua kila zulia mmeliuza wapi, risiti mnazo, misikiti, mahoteli ya Nyali na Diani, maofisi, makanisa. Mnajua lina nyuzi gani. Na magari yenu yanarudi matupu. Hakuna mtu mwingine Mombasa nzima mwenye vitu hivyo vyote kwa pamoja, si kaunti, si sisi, si yule kijana wa gunia.

Kwa hiyo tunachotaka ni hiki. Kwanza kabisa njooni mchukue kilichobaki pale uani, pamoja na kile kibonge kilichogandana, kwa gharama yenu, maana ya kuondoa tulishawalipa. Mkilichukua tunataka karatasi inayosema limekwenda wapi, tusije tukaliona limemwagwa Mtopanga kwenye korongo. Halafu zulia jipya tulilo nalo, tupeni kwa maandishi limetengenezwa kwa nini juu mpaka chini, na muandike kwamba siku likichakaa mtalirudisha wenyewe. Kama hilo lina gharama iwekeni kwenye bei tangu mwanzo, semeni kila mita ni shilingi kadhaa za kulirudisha, tutalipa. Nimeongea na kamati na wote wamesema wako tayari. Mtu analipa vizuri akijua analipia nini, lakini kulipa "kuondoa" halafu kuachiwa nusu tani mlangoni mwa nyumba ya Mungu, hapana.

Na msifanye kwa sisi tu ili tunyamaze. Kuna msikiti mwingine hapa karibu mmewatandikia baada yetu, na la kwao la zamani liko nyuma ya vyoo, nimekwenda nikaliona kwa macho yangu. Wale hata hawajui kwamba wana haki ya kudai.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hapa Mombasa na kwa idara ya mazingira ya kaunti. Nimeambatanisha picha za uani, picha ya nembo yenu nyuma ya zulia, na ukurasa wa kotesheni nimeupiga mstari pale palipoandikwa kuondoa. Lori likija lipite njia ya nyuma, ya mbele haipiti gari kubwa, na lije asubuhi baada ya saa mbili watoto wa madrasa wakiwa wameshaingia ndani. Geti linafunguliwa na bawabu, yuko hapo siku zote isipokuwa Ijumaa mchana. Nasubiri jibu la maandishi, si la simu.

Katibu, kamati ya msikiti
Kisauni, Mombasa