Barua kwa mpwa wangu anayesomea urubani uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mama yako kanipigia tena, anataka nikushawishi uache urubani utafute kazi ya ardhini. Kuna mtu kwenye grupu la familia kaamsha picha za ajali ya tarehe 5 Machi 2024, na dada yangu hapati usingizi. Sikuambii uache. Ila ajali hiyo tuizungumze, maana kwenye grupu kila mtu anatuma emoji za kulia na hakuna anayeeleza chochote.

Asubuhi ile Dash 8, ndege ya abiria ya shirika la Safarilink, iliondoka Wilson kwenda Diani, ikiwa na abiria 39 na wafanyakazi 5. Haijaenda mbali marubani wakasikia kishindo, wakageuza, wakatua salama. Walikuwa wamegongana na Cessna 172, ndege ndogo ya shule ya urubani. Mkufunzi na mwanafunzi wake walifariki, ndege yao ikaangukia ndani ya mbuga ya Nairobi, hapo jirani na uwanja.

Mimi fundi, nikisikia ajali nawaza injini kwanza. Ndiyo maana nilikusumbua sana na kile kikombe cha kukingia mafuta: uione ile rangi ya samawati ya mafuta, uangalie kama kuna tone la maji limetuama chini. Usiache. Lakini injini hata ikiwa mpya haisaidii kitu ndege mbili zikifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Na Wilson, unaijua mwenyewe: ndege za watalii, za madaktari wa AMREF, za polisi, na ninyi wanafunzi mnaozunguka mkigusa lami na kupaa tena, wote anga ni hilohilo.

Cessna 172 bawa lake liko juu ya kichwa chako. Ukilala kushoto ili ukate kona, bawa la kushoto linashuka na kukuziba kulekule unakoelekea. Kwa hiyo kabla ya kukata, liinue kidogo, chungulia, ndipo ugeuke. Na ndege inayosogea kwenye kioo haikutishi sana, itapita. Ya kuogopa ni ile iliyoganda mahali pamoja kama inzi aliyetua kwenye kioo, haisogei kushoto wala kulia, inazidi kunenepa tu. Hiyo inakujia.

Sasa redio, na hapa ndipo ninapokuhofia wewe hasa. Sisi tumekulea vizuri mno. Mkubwa akisema, unaitika "ndiyo" hata kama hujaelewa, ukaulize kwa binamu zako baadaye. Juu kule hakuna baadaye. Mnara wa kuongozea ndege ukikuambia kuna ndege mbele yako na huioni, sema huioni. Usiseme umeiona ili mkufunzi asikuone mzito. Hujasikia vizuri, omba warudie, hata kama rubani wa ndege kubwa anasubiri na sauti yake inaonyesha amechoka nawe. Achoke.

Jingine dogo: Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana likiwaka hewa inakuwa nyepesi, na hiyo 172 mkiwa wawili na matangi yamejaa hupanda kwa kujivuta. Omba vipindi vya asubuhi mapema.

Mama yako niachie mimi, Jumapili nitakwenda kwake. Wewe jitoe kwenye lile grupu kwanza.

Mjomba wako