Shoga, njoo Kigoma hata siku mbili

Mama Salumu shoga yangu, za Tabora? Huku wazima, mawese yamepanda bei, baba watoto anakusalimia. Najua nimekaa kimya sana, utanisema tukionana, kwa sasa nina shida.

Hapa chuoni kuna kijana wa mwaka wa pili kaazima laptopu ya binti wa darasani kwake akaenda kuiuza Mwanga, na ripoti yote ya fildi ilikuwa humohumo. Kamati ya nidhamu inataka asimamishwe mwaka mzima. Nikauliza, haya akishasimamishwa, binti anaandikia nini ripoti? Kimya. Mwenyekiti akaanza kutafuta miwani.

Kwa kelele zangu wamekubali tujaribu usuluhishi kwanza, wakae wote wawili, iulizwe nani kaumia na kinatakiwa nini ili pakae sawa. Kuna aliyesema hayo ya Wazungu, nikamwambia hao bashingantahe, wazee wasuluhishi wa Burundi hapo jirani, walisomea Ulaya? Ila na ya Kanada nikawapa, Elmira mwaka 1974, vijana wawili waliharibu mali za watu 22, wakazungushwa mlango kwa mlango kuonana na waliowaharibia, na fidia wakalipa. Mhasibu alisikia hapo pa kulipa tu.

Sasa shoga hapa ndo panaponikera, watu wetu ukiwaambia usuluhishi wao wanasikia yaishe. Baba wa kijana anavua dagaa Kibirizi, kaja na machozi na ndoo ya dagaa, anasema atalipa kidogokidogo, nikamwonea huruma kweli. Shangazi wa binti naye kashaanza "mwanangu samehe tu". Na mwenyekiti ameandaa fomu, ina mstari wa "nimemsamehe" na pa kuweka sahihi, makubwa! Binti mwenyewe hajafungua mdomo. Jamani akitaka kulipwa na asisamehe si haki yake? Akikataa kikao, kesi irudi kamatini na asinuniwe na mtu.

Kabla ya hapo lazima mtu akae naye peke yake, na kijana peke yake, tujue kama anakubali kosa au analilia mwaka wake tu. Mimi mtu wa ofisi, wataniona niko upande wa chuo. Wewe ulivyowatuliza wale wa bwenini kipindi kile mpaka matroni akakosa la kusema, nani mwingine nimwite? Nauli natuma, treni ikisumbua panda basi. Ile fomu nimeificha kwanza.

Wiki ijayo utapata nafasi? Shangazi aingie kikaoni au tumwache nje? Aliyenunua laptopu tumtafute, ile ripoti si inaweza kuwa bado imo? Malipo yapitie chuoni au kwa familia moja kwa moja, unaonaje? Na Yusta kajifungua? Asali usisahau, ya kwenu siyo ya stendi.

Mimi Mama Zawadi